Naomba ushauri: kamera ya geti, usiku sura hazitambuliki

Habari zenu wakuu. Nina kamera ya megapikseli 2, yaani 1920 kwa 1080, lenzi milimita 2.8, ile inayoona eneo pana. Nimeifunga juu ya mlango, inatazama geti lililo mita 12 hivi. Mchana picha safi. Usiku mtu akipita uso unakuwa mweupe kama umepakwa unga, na namba za gari ndiyo hazisomeki kabisa. Nimefuta kioo, nimewasha taa ya nje. Nafuu kidogo tu. Fundi anasisitiza megapikseli 8 (mafundi na kuuza!), ila nahofia lenzi ikibaki pana hivyo diski itajaa upesi bure.

Je, megapikseli 4 na lenzi ya milimita 6 itatosha? Na kwa usiku, nitazame zaidi ukubwa wa sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) au wingi wa pikseli?