Trela ya tone ya kujiundia: plaiwudi na epoksi, alumini, au merikani?

MwanaMvita

Salaam aleikum ndugu na dada zangu. Mimi niko Tudor, Mombasa, gari langu ni Prado ya zamani, na kwa miezi mitatu nimekuwa nikichora trela ndogo ya kulala, ile yenye umbo la tone la maji. Mbele mviringo, nyuma mteremko, ndani godoro tu, na ukiinua buti unakuta jiko. Wamarekani walianza kuziunda miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi walizivika alumini iliyobaki kwenye viwanda vya ndege. Kipimo kilichozoeleka ni futi 4 kwa 8, sawasawa na ubao mmoja wa plaiwudi. Mimi nataka upana wa futi 5, maana tutalala watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka minne.

Safari ninazofikiria ni Shimba Hills, Tsavo Mashariki kwa kuingilia Buchuma, na ile njia ya Malindi hadi lango la Sala kando ya mto Galana. Tukirudi, trela italala nje nyumbani kwangu, karibu kabisa na maji ya Tudor. Kwa hivyo itapigwa na mawe siku kumi kwa mwaka, na chumvi siku zote.

Nimebaki na njia tatu za mwili wake. Ya kwanza plaiwudi iliyovikwa kitambaa cha faibaglasi kwa gundi ya epoksi. Ya pili fremu ya chuma na alumini. Ya tatu ni plaiwudi nyembamba na povu, juu yake kitambaa cha pamba kilichogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Nataka kusikia kwa waliofanya kwa mikono yao.

FundiMashua_Mtwapa

Waaleikum salaam, kaka. Nimeunda na kutengeneza mashua maisha yangu yote, na nakwambia hiyo trela yako ni mashua iliyopinduliwa. Maji yanatoka juu badala ya chini, basi. Chukua plaiwudi na epoksi.

Lakini kwanza plaiwudi yenyewe. Ukienda dukani ukasema wataka marine, utapewa ule ubao mweusi au wa kahawia unaong'aa, wa kumwagia zege. Jina ni hilo hilo, bidhaa si hiyo. Gundi yake huenda ikastahimili maji, ila ile ngozi inayong'aa haikubali epoksi wala rangi mpaka uikwangue yote, na ndani mara nyingi pana mapengo. Mapengo ndiyo huweka maji. Tafuta plaiwudi isiyo na ngozi, tazama ukingo wake, hesabu matabaka. Kabla ya kununua omba kipande cha kiganja, kichemshe nyumbani saa kadhaa. Kikifunguka kama kitabu, hilo duka liache.

La pili, rezini, ile gundi ya kugandishia faibaglasi. Hapa pwani mafundi wengi tunatumia poliesta kwa sababu ni nafuu na hukauka upesi. Kwa mashua ya faibaglasi tupu ni sawa. Kwa mbao si sawa, maana haishiki vizuri, na mbao ikivimba na kusinyaa ngozi huachia taratibu bila wewe kuona. Epoksi hushika. Ubaya wake ni jua: lazima ipate rangi juu, na nyeupe ndiyo bora.

La tatu wengi hawalijui. Usipake koti la kwanza asubuhi jua likipanda. Hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka, hutoka, na kukuachia vitundu elfu. Paka alasiri mbao zikianza kupoa, epoksi hunywewa ndani. Na siku za unyevu mwingi utakuta utando wa mafutamafuta juu yake kesho yake. Uoshe kwa maji safi na sponji, kisha piga msasa ndipo uendelee. Nimeona rangi nzuri ikibanduka yote kwa sababu ya kuruka hatua hiyo moja.

Wazee wetu walikalafati majahazi, yaani waliziba nafasi za mbao kwa pamba, wakapaka sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (mafuta na chokaa) chini ya maji, na walirudia kila msimu. Nawe uwe na moyo huo wa kurudia.

Chuma_Voi

Namheshimu fundi hapo juu, lakini mimi niko na alumini mwaka wa tano na sijajuta. Ubao wa futi 8 kwa 4 wa alumini ya milimita 1 una kilo 8 hivi. Plaiwudi ya milimita 12 ya ukubwa huo ni kama kilo 20. Hesabu kuta mbili, paa na sakafu, uone unavuta nini kwenye mchanga. Mchwa hawali alumini, na moto wa jiko ukiruka haiwaki.

Nasema ukweli kuhusu kasoro zake pia. Ile barabara iliyojikunja mawimbi kama mabati hulegeza riveti. Kila baada ya safari nazunguka na tochi nikigonga moja moja. Ndani, mahali fremu ya chuma inapogusa alumini, alfajiri panatoka jasho, na mchana panachoma. Nimeweka povu la inchi moja kila mahali na bado.

Ila mimi niko Voi. Hapa ni pakavu.

FundiMashua_Mtwapa

Hapo umesema kweli kubwa, ndugu yangu wa Voi. Alumini ikigusa chuma, na kati yao pana maji ya chumvi, alumini huliwa. Inakuwa kama betri ndogo inayofanya kazi usiku na mchana. Kwenu hewa ni kavu, betri hiyo haina maji. Huko Tudor hewa yenyewe ndiyo maji. Anayetaka alumini Mombasa lazima aweke utepe wa mpira kati ya vyuma viwili kila mahali na kila skurubu iketi kwenye gundi ya mashua. Inawezekana. Ni kazi ya subira sana.

MamaWawili_Bamburi

Hamjambo. Mimi ndiye wa njia ya tatu, na nafurahi kuona imetajwa. Trela yangu imevikwa merikani, ile ile pamba isiyopaushwa waliyoijua bibi zetu. Niliilowesha kwa maji, nikaitandaza juu ya gundi ya mbao isiyoyeyuka majini, nikaivuta mpaka ikakaza kama ngoma, halafu makoti matano ya rangi ya nje. Sikuvaa barakoa ya kemikali, watoto walikuwa karibu wakicheza, na nilimaliza peke yangu kwa wikendi tatu.

Imekaa miaka miwili. Bapa pote ni salama. Kingo za chini, tairi zinaporusha mawe, zimetoboka mara mbili na maji yakaingia hadi kwenye ubao. Nilikata kiraka, nikagandisha, nikapaka. Kwa hiyo ukiifuata njia yangu, futi moja ya chini vika faibaglasi au bamba la alumini. Sitaichagua tena kwa trela ya kulala nje mwaka mzima kando ya bahari. Kwa mwenye banda, nampa moyo kabisa.

Lakini kaka, umeuliza ngozi na hukuuliza hewa. Usiku wangu wa kwanza ulikuwa hapa hapa uani, mwezi wa Februari, kaskazi limekufa. Saa saba usiku tulitoka wote tukalala mkekani. Trela ya tone ni sanduku dogo, na watu watatu wanatoa joto na mvuke. Tengeneza feni ya paa inayovuta hewa nje, na madirisha mawili ya wavu yaliyo chini, moja kila upande, ili hewa baridi iingie kwenye miguu. Bila hayo, asubuhi godoro litakuwa na unyevu chini, na kabla ya masika kwisha litaota ukungu. Mimi nimeinua godoro juu ya vipande vya mbao vilivyoachana, hewa ipite.

MwanaMvita

Dada, nashukuru sana. Kwa kweli sikuwa nimechora hata dirisha moja la chini. Nimechora jana usiku.

Sasa niulize na miguu yake: springi za bapa kama za pikapu, ekseli yenye mpira ndani ya bomba, au kila tairi na mkono wake na springi ya kuzunguka?

Chuma_Voi

Springi za bapa. Nitakueleza kwa nini.

Ile ekseli ya mpira hupita vizuri, lakini mpira umefungiwa ndani ya chuma. Chumvi ikila kwa ndani huoni, na ukifika kwangu imekufa sina la kukusaidia ila kuisubiri nyingine. Tairi zenye mikono huru ni bora kwenye mashimo, hakuna ubishi, ila matundu ya mikono yakichomelewa mshazari hata kidogo, tairi zinajikwangua hadi waya. Springi za bapa hutengenezwa na fundi yeyote wa malori kutoka Mariakani hadi Mtito Andei.

Kosa la watu ni kuweka nzito. Trela yangu ya kwanza ilifungiwa springi za pikapu ya tani moja, fundi akanisifia kuwa hazitavunjika. Hazikuvunjika. Hazikukunjika pia. Trela ya kilo 500 ilikuwa inaruka kama mpira, na tulipofungua buti kando ya Galana, mlango wa kabati ulikuwa umetoka na mafuta ya kupikia yamemwagika juu ya unga wote. Toa baadhi ya majani ya springi, acha yanayolingana na uzito, ongeza shoki.

Uzito wa mbele nao usipuuze. Kichwa kinachokaa kwenye gari kibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ya kilo 600 iliyojazwa, basi kilo 60 hadi 90. Pima kwa mizani ya kuning'iniza magunia, ukiwa umeshapakia maji, gesi na friji. Kikiwa chepesi, trela itapiga mkia barabarani, na kwenye barabara kuu ya Mombasa na malori yale, hutaki hilo. Na uweke rimu zinazoingiliana na Prado, bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7, ili tairi moja ya akiba ihudumie zote.

FundiMashua_Mtwapa

Kwenye beringi nachangia, maana trela za mashua tunazizamisha kila siku. Kitovu cha tairi kikiwa moto kutoka safari, ukikitia majini ghafla hewa ndani husinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Ukifika kivuko subiri ipoe ukigusa kwa mkono. Na ukirudi nyumbani, osha chini yote kwa maji matamu. Chesisi ya bomba la mraba ama uizibe isiingie hewa kabisa, ama uitoboe chini itoe maji. Nusu nusu ndiyo huozesha.

Umeme_Likoni

Nije kwenye stima kwa ufupi. Friji ndogo ya volti 12 huvuta kama wati 45 ikifanya kazi, na kwa joto letu hesabu nusu ya siku: wati-saa 540. Feni ya wati 25 kwa saa 10, 250. Taa, 25. Jumla 815 kwa siku. Betri ya lithiamu ya amp-saa 100 ina 1,280 hivi. Ya asidi ya ukubwa huo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unapata 600 tu, na ni nzito maradufu. Paneli ya wati 200 kwa saa 5 za jua zuri, toa robo ya kupotea, inakurudishia 750. Inakaribia, na gari likijaza kidogo njiani inatosha. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na kifaa. Waya mnene, wa shaba iliyopakwa madini ya bati kama wa mashua, maana shaba tupu hapa huwa kijani ndani ya mwaka.

Halafu kaka, trela husajiliwa yenyewe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kupewa namba yake inayoanza na Z. Anza na hilo mapema, ukiwa bado na risiti za vyuma. Ukienda Shimba Hills kule Kwale, siku hizi pita barabara ya Dongo Kundu, uiache feri ya Likoni.

MamaWawili_Bamburi

Na gesi. Mtungi wa kilo 6 usiketi ndani mnapolala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni pale pale mtoto anapolala. Uweke kwenye kisanduku cha mbele chenye matundu chini, na mpira wa gesi upite nje hadi jikoni. Jiko la makaa, hata likionekana limezimika, lisiingie ndani kamwe. Nasema haya kwa sababu ya huyo wa miaka minne.

MwanaMvita

Nimeyasoma yote mara mbili na kumsomea mke wangu. Tumeamua plaiwudi na epoksi, futi moja ya chini bamba la alumini lililokaa juu ya gundi, springi za bapa nyepesi, feni na madirisha ya dada wa Bamburi. Gesi mbele.

Leo nimechemsha vipande vya maduka mawili kwenye sufuria moja. Cha kwanza kilianza kufunguka kabla ya Adhuhuri. Cha pili kimechemka kwa muda wa saa tatu, nimekikausha juani, nimekipinda kwa koleo, hakijaachana popote. Nimeagiza mbao saba kwa huyo wa pili, zitafika Alhamisi.

FundiMashua_Mtwapa

Zilaze bapa juu ya boriti, usiziegemeze ukutani, zitajikunja. Zifunike lakini zipate hewa. Nina brashi na roli zangu, naja Jumamosi baada ya Alasiri, joto likipungua.