Nimeanza gemu 14, nimemaliza 2 tu. Nyie wenzangu mnamalizaje?

FundiBaridi

Habari za jioni wakuu.

Hili swali linanisumbua tangu Jumamosi na hapa nyumbani sina wa kumuuliza. Mke wangu nikimwambia sijamaliza gemu anadhani namtania, maana kila wikiendi ananikuta nayo.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, niko Dodoma, miaka 34, watoto wawili. Mwaka 2020 nilinunua mashine ya gemu, PS4 ya mkono wa pili, ile ya GB 500. Tangu hapo nimeanza gemu 14. Nilizocheza mpaka majina ya waliotengeneza yakapita kwenye kioo ni 2: Spider-Man na Uncharted: The Lost Legacy. Hizo 12 zote zimeishia kwenye lenta, kama zile nyumba mnazoziona nje ya mji.

Inayoniuma zaidi ni Red Dead Redemption 2, ile ya Arthur na genge lake la majambazi wa farasi. Ina chapta 6, halafu kuna hitimisho la sehemu 2. Sevu yangu, yaani kumbukumbu ya nilipofikia, inasoma saa 41 na niko chapta ya 2. Kuna watu kwa saa hizo wanakaribia kuona mwisho. Mimi nilikuwa nawinda. Pale kambini kuna mpishi anaitwa Pearson, ukimletea ngozi anakushonea mikoba, na ngozi lazima iwe ya nyota 3, haina dosari. Ukimpiga sungura kwa bunduki ya kulungu umeshaharibu, anataka mshale mdogo. Mkoba wa mwisho unabeba vitu 99 vya kila aina, na huupati mpaka uwe na mingine yote. Huo unataka kulungu, mbwamwitu na puma. Kulungu ninaye, mbwamwitu ninaye. Puma kila nikimtafuta yeye ndiye ananiona kwanza.

Nikaiacha miezi 3, kwa sababu Oktoba hadi Desemba kila mwenye kiyoyozi hapa mjini anakumbuka kukisafisha siku moja na jirani yake. Jumamosi nimerudi. Nikaingia mji wa Valentine, nikamwona mzee nje ya duka, nikataka kumsalimia tu. Kusalimia ni kitufe cha L2 halafu kile cha mraba. Vidole vilikuwa vimesahau, na sikujua kwamba bastola iko mkononi. L2, halafu R2 ambayo ni risasi. Mzee chini, wanawake wanapiga mayowe, askari wa mji wananifukuza na kichwa changu kimeshawekewa dola.

Nikazima. Na nikajikuta nawaza jambo lile lile ninalowaza siku zote: si bora nianze upya?

Huo ndio ugonjwa wangu. The Witcher 3 nimeianza mara 3. Yule grifini, dubwana la mwanzoni kule White Orchard, nimemuua mara 3. Kila nikifika eneo la Velen naanza kukusanya karata za Gwent, mchezo wa karata wa humo ndani, kijiji kwa kijiji, natingwa na kazi, nikirudi sikumbuki nilikuwa namtafuta nani, naanza upya. God of War ya 2018 nilikwama kwa Valkyrie mmoja, wale wapiganaji wa kike wenye mabawa, ananiua kwa mapigo mawili, nikaitoa diski nikaiweka kwenye kasha lake mpaka leo.

Nina dhana yangu lakini, mnivumilie. Nimekulia Tanga, Ngamiani. Mwaka 2006 nikiwa kidato cha pili kulikuwa na kibanda cha gemu, TV za chogo 3, PS2 3, benchi la mbao, nusu saa sh 200. Kusevu hakuna, memori kadi ni ya mwenye kibanda na rafiki zake. Kwa hiyo gemu ya GTA: San Andreas kwetu ilikuwa na mwanzo tu. CJ, mhusika mkuu, anatupwa kichochoroni, anachukua baiskeli, anakwenda mtaani kwao Grove Street. Ile baiskeli nimeiendesha labda mara 200. Misheni ya kukimbiza treni pamoja na rafiki yake Big Smoke nilikuwa naisikia kwa wakubwa tu. Nyuma ya daftari la Baiolojia nilikuwa na chiti, vitufe vya siri vya kuidanganya gemu: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Afya, fulana ya risasi na dola 250,000. Fizikia yote imenitoka kichwani, hiyo haijatoka.

Nikiangalia naona nilifundishwa kuanza, nikafundishwa vizuri. Mwendelezo sikuwahi kupewa. Au ndiyo najitafutia kisingizio?

Naomba mawazo, hasa wenye kazi na familia.

Mchuuzi_wa_Jioni

Uza hiyo PS ununue mashine ya kukamua miwa. Gemu zote 14 zitaisha siku hiyo hiyo.

MwanaKisauni

Salama kaka. Hapa Mombasa.

Kwanza, kaka, wale Valkyrie si lazima! Wamewekwa pembeni kwa wanaotaka kujitesa. Ungempita ukaendelea na safari ya mhusika mkuu Kratos na mwanawe mpaka mwisho bila kumgusa hata mmoja. Umefungia gemu kabatini kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa njiani kwako.

Pili, usianze upya tena. Mimi nafanya kazi bandarini kwa zamu, naweza kukaa wiki tatu sijashika pedi. Kabla ya kuzima, najirekodi kwa simu: "Niko kisima cha pili, ufunguo ninao, mraba ni kukwepa, usimuuzie huyu mzee upanga." Sekunde 20. Nikirudi nasikiliza sauti yangu mwenyewe inanielekeza. Mke wangu alinikuta nikijiambia usimuuzie mzee upanga akadhani naota.

Na vidole vikisahau, usiingie mjini. Nenda porini kwanza, piga piga mawe na ndege robo saa, mikono itakumbuka yenyewe. Wewe umerudi baada ya miezi mitatu ukaenda moja kwa moja kwa wazee wa watu.

JiweGumu77

Nimecheka hapo kwa mzee. Mkuu maliza bwana, maana kule mwishoni Arthur

FundiBaridi

JiweGumu77, hiyo sentensi ukiimalizia nakuripoti kwa wasimamizi. Nimejizuia tangu 2018, nimewahi kutoka saluni ya kiume ndevu zimenyolewa upande mmoja kwa sababu kinyozi alianza kusimulia.

MwanaKisauni, la Valkyrie limenitia aibu. Miaka miwili nadhani ndiye mlinzi wa mlango.

MzeeWaBenchi

Kijana, umenigusa. Mimi nilikuwa na kibanda kama hicho, Morogoro, kuanzia 2005 hadi simu zilipotuua.

Ngoja nikwambie kutoka upande wa pili wa benchi. Mashine nilikuwa nazo 4, memori kadi 1, ya MB 8. Nilikuwa naifungia kwenye droo ya hela, pamoja na hela. Anayelipa saa nzima ndiye namchomekea, nusu saa hapana. Ubaya wa kibiashara ulikuwepo, sitaficha: mtoto anayeanza upya kila siku anarudi kila siku. Aliyemaliza ataniletea nini?

Ile kadi ilikuwa inajaa, hasa msimu wa watu kucheza Master League, ligi ya gemu ya mpira, kila mtu na timu yake. Ikijaa nafuta. Kulikuwa na kijana mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni sokoni, jioni anakuja na miguu imejaa vumbi, analipa saa yake. Kwenye San Andreas alikuwa amevuka mji wa kwanza, Los Santos, wote, ameshafika mji wa San Fierro. Treni aliipita mbele ya kibanda kizima, watu walipiga makofi. Siku moja mteja mkubwa akataka nafasi ya ligi yake, nikafuta sevu ya yule kijana. Alipokuja jioni nikamchomekea kadi kama kawaida. Akapandisha orodha, akashusha, akapandisha. Hakuniuliza. Alikaa kidogo, akaanza na baiskeli.

Siku hizi ana bodaboda mbili, tunasalimiana. Sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo dhana yako siipingi. Ila wewe sasa hivi kadi ni yako na droo ni yako.

Mama_Wawili

Mleta mada, samahani, nina swali. Hizo mbili ulizomaliza, Spider-Man na Lost Legacy, diski zilikuwa zako?

FundiBaridi

Dada, hapo umenishika pabaya.

Spider-Man ilikuwa ya shemeji yangu. Alikuja likizo ya Pasaka akaniachia siku 10. Lost Legacy niliazima kwa mteja niliyemfungia kiyoyozi, alikuwa anahamia Mwanza mwisho wa mwezi, nikamrudishia watu wa mizigo wakiwa wanapakia.

Sikuwahi kuliona hili.

Mama_Wawili

Nilidhani hivyo. Basi zako huzimalizi kwa sababu hakuna anayezidai.

Na hayo mambo ya kibanda, kaka yangu, nayasikia na yamenigusa, lakini angalia yalikuwaje. Pale nusu saa ikiisha unaambiwa toa pedi. Ulikuwa unacheza una macho manne. Leo una saa nne za Jumamosi na hakuna wa kukunyanyua, ndiyo maana unashinda porini unahesabu nyota za sungura.

Mimi nacheza usiku wakishalala. Nina saa moja, nikijitahidi moja na nusu. Uncharted 4 niliimaliza kwa kama mwezi mmoja kwa hiyo hiyo saa moja. Sikuwa nachukua kila hazina iliyong'aa kwenye majani, nani anakuja kukagua?

Fanya hivi. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ina diski mbili, moja ya kuweka data na moja ya kuchezea, na bila hiyo ya kuchezea kuwemo ndani haifunguki. Mpe mkeo aiweke kwenye pochi yake. Jumamosi saa 2 usiku anakupa, saa 4 anaidai. Gemu nyingine zifute kwenye mashine, zote, hiyo moja tu inakula karibu GB 100 na unajua. Usiogope, ukifuta gemu sevu zinabaki mahali pake, grifini wako hatafufuka.

Na ule mkoba achana nao. Vitu 99 unampelekea nani?

Mchuuzi_wa_Jioni

Huyu dada apewe uwaziri.

FundiBaridi

Wakuu, nimerudi, leo ni wiki ya nne.

Nilimweleza mke wangu, akacheka mpaka mtoto akaamka. Lakini diski aliichukua. Jumamosi ya kwanza saa 4 kamili akasimama mlangoni na mkono mbele: "Toa." Hajawahi kukaa kibandani hata siku moja, na sauti ilikuwa ile ile.

Nilianza kama alivyosema MwanaKisauni, robo saa porini napiga ndege. Faini ya yule mzee nikailipa posta, dola zangu chache, nikaingia mjini bila kushika silaha na nikamsalimia kila mtu, hata farasi.

Wiki ya pili umeme ulikatika katikati ya misheni. PS ilipowaka ikanigombeza kwamba haikuzimwa inavyotakiwa, ikaanza kukagua diski taratibu na ule mstari wake. Zamani hapo ningesema ni ishara, nianze upya. Nilikuwa na dakika 35 zimebaki kabla ya kudaiwa. Nikairudia ile misheni haraka haraka, sikutazama hata sungura mmoja.

Wiki ya tatu ndiyo ikawa mambo. Tumeiba kondoo na John Marston, mwenzetu wa genge, tukawaswaga mpaka mnadani Valentine. Mnaoujua mnada wa Msalato hapa Dodoma Jumamosi, hali ni hiyo hiyo, vumbi, watu wanapaza bei, nikatamani nyama choma. Halafu risasi zikaanza, mji ukachafuka, na kambi ikabidi ihame. Nimekaa saa 41 pale juu kama nimepanga chumba, wenzangu wakafunga mizigo ndani ya dakika chache. Nilivyoona magari ya farasi yanashuka kilima nikamwita mke wangu aje aone. Akauliza, "Ndiyo imeisha?" Nikamwambia hapana, ndiyo tunaingia chapta ya 3. Akaangalia saa.

Mzee wa Benchi, nimelisoma lile la kijana wa mkokoteni mara mbili. San Andreas nimeipata ya simu, sijaigusa bado mpaka hii iishe. Nikifika kwenye treni nitakuja kukuambia.

Swali dogo tu la mwisho, na Mama_Wawili usisome hapa: huku chapta ya 3 kuna sehemu puma wa nyota 3 anapatikana bila kusumbuka sana?

Mama_Wawili

Nimesoma.