Tupeane uzoefu: nani alisema "twende" siku ya uchungu wako?

Mkunga Mstaafu, Kigoma Ujiji

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya ukunga katika mkoa huu kwa miaka 31, kwanza zahanati, kisha kituo cha afya, na miaka ya mwisho wodi ya wazazi. Kila mama aliyeletwa kwetu nilimwandikia saa ya kufika, shinikizo la damu, mapigo ya moyo wa mtoto na njia imefunguka sentimita ngapi. Hapakuwa na mahali pa kuandika saa ambayo watu wa nyumbani walianza kuona kwamba hali si ya kawaida. Saa hiyo haimo kwenye partografu, ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, wala kwenye kadi ya kliniki, na mimi naamini kwamba ndiyo inayoamua mengi kuliko zote zinazofuata.

Alfajiri moja aliletwa mama wa mimba ya nne amelazwa kwenye machela ya mianzi, kanga mbili zimelowa. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka tangu adhuhuri ya jana yake. Mumewe alikuwa ziwani, na shemeji aliyebaki nyumbani aliogopa lawama za kumsafirisha mke wa kaka yake bila ruhusa. Hakuna aliyemtakia mabaya yule mama. Walikaa tu wakimsubiri mtu mwenye mamlaka ya kusema twende. Mama tulimwokoa kwa upasuaji, lakini mtoto alikuwa ameshafariki. Yule shemeji alikaa kwenye benchi la nje ameshika ndala za mgonjwa wake, moja kila mkono, hadi jua likatoka.

Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Hapa Kigoma nimeshuhudia sababu mojawapo kwa macho yangu: tangu 2006, kupitia mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, vituo vya afya vya vijijini vilipata vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi wakafundishwa kumfanyia mama upasuaji huko huko badala ya kumsubirishia gari la kwenda mjini. Huduma imesogea, lakini mtu bado anatakiwa kutoka nyumbani kwake ili aifikie. Naomba kila mmoja aeleze dalili ilikuwa ipi, nani alisema twende, na muda gani ulipita. Tafadhali tusitaje majina ya watu wala ya vituo.

Mke wa Mvuvi, mwambao wa kaskazini

Shikamoo mama. Kwetu ni upande wa Gombe, ambako safari ya kwenda mjini ni boti hadi Kibirizi. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, mwezi wa nane. Kichwa kiliniuma siku mbili mfululizo, uso ukavimba hata nikawa siwezi kufumbua macho vizuri asubuhi. Mama mkwe, ambaye alinipenda na ananipenda hadi leo, alisema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo inavyomvimbisha mtu, akanikanda kwa maji ya moto.

Aliyesema twende alikuwa wifi yangu wa miaka 15. Alizoea kunisindikiza kliniki kwa sababu tu nilihitaji mtu wa kunishikia mwavuli, na huko alikuwa akikaa nyuma ya benchi akisikiliza somo la nesi kuliko mimi niliyefundishwa. Jioni nilipomwambia kwamba naona vimulimuli kwenye ukuta, alisimama akasema, "Nesi alisema mwenye vimulimuli asilale nyumbani." Mama mkwe alimkemea kwamba mtoto hawaamrishi wakubwa. Binti akatoka bila kuaga, akaenda mwaloni, akarudi na mwenye mtumbwi wa mashine.

Tulipitia zahanati ya kijiji cha jirani. Nesi alipima presha mara mbili, hakutuambia namba, akanichoma mshipani kisha sindano mbili za makalio, moja kila upande, zenye maumivu ambayo sijawahi kuyasahau. Baadaye niliambiwa kwamba ile ilikuwa magnesiamu salfeti na kwamba ndiyo iliyozuia kifafa cha mimba. Kuanzia hapo nakumbuka tu ubaridi wa maji yaliyokuwa chini ya mtumbwi yakinigusa shavu. Mwanangu alizaliwa usiku ule kwa upasuaji, na sasa yuko darasa la pili. Tangu kichwa kilipoanza hadi tulipopanda mtumbwi zilipita siku mbili kamili, lakini tangu wifi aliposimama haikupita hata nusu saa.

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mpe wifi yako salamu zangu za heshima. Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kifafa hicho kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu yasidharauliwe kwa sababu mtoto ameshatoka.

Baba Pacha, Kasulu

Mimi ni mwanamume, naomba mniruhusu. Mke wangu alijifungua pacha salama, akachomwa sindano ya kuzuia damu, na kesho yake tukarudi nyumbani. Siku ya nne, usiku, aliniamsha akasema damu inayotoka si ya kawaida. Nilimjibu kwamba mwanamke aliyezaa lazima atokwe na damu, tusubiri kupambazuke. Naandika maneno haya kama nilivyoyasema, kwa sababu nadhani waume wengi huyasema kwa nia njema na kwa kutojua.

Hakubishana nami. Aliichukua simu yangu, akapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga, iliyokuwa imebandikwa ukutani pale zahanati, akaeleza mwenyewe kwamba tangu magharibi ameshalowesha kanga tatu. Aliyepokea alimuuliza kijiji, akamuuliza kama anasikia kizunguzungu, kisha akamtafuta dereva wa karibu aliyeandikishwa kwa kazi hiyo, ambaye hatukumlipa hata shilingi. Nilipoziinua zile kanga kutoka sakafuni ili nizisogeze, uzito wake ndio ulionifanya nielewe. Hospitalini walikuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani, wakamsafisha na kumwongezea chupa mbili za damu. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mama ni kwamba mgonjwa ndiye aliyesema twende, na mimi ndiye niliyekuwa kizuizi.

Binti wa Mkunga wa Jadi, Kibondo

Mama yangu alizalisha wanawake wa kijiji chetu kwa miaka mingi, na watu walimwamini kuliko gari lolote. Alikuwa na mizizi ya kuongeza uchungu. Siku moja mama mmoja aliyekunywa dawa hiyo alipata uchungu mkali mno, kisha ukakatika ghafla, na wote waliokuwepo wakashukuru kwamba sasa anapumzika. Mama yangu ndiye pekee aliyeogopa ule utulivu. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Walifika hospitali, mama yule akapona lakini hakuzaa tena, na tangu siku hiyo mama yangu aliacha mizizi akawa msindikizaji. Akigongewa mlango, anavaa viatu kwanza ndipo anauliza ni nani. Neno lake moja linatosha kuiondoa familia nzima, jambo ambalo hata mwenyekiti wa kijiji haliwezi.

Jina Limehifadhiwa, Tabora

Naomba nizungumze upande mwingine. Kwa mtoto wa kwanza tuliwahi sana. Mume wangu hakusita, tukafika uchungu ukiwa bado mdogo. Mhudumu aliyetupokea alifungua mfuko wangu mbele ya watu, akauliza mpira wa kutandika uko wapi, glovu ziko wapi, beseni liko wapi, akaniambia kwamba kama nilijua kubeba mimba nilipaswa kujua kujiandaa. Nilijifungua nikiwa nimeng'ata kona ya kanga ili nisipige kelele, kwa kuogopa kusemwa tena.

Mimba ya pili nilijificha. Uchungu ulianza jioni, nikaendelea kusonga ugali na kuosha vyombo, na kila mume wangu alipouliza nilisema ni mgongo tu. Sikutaka mtu aseme twende. Mtoto alizaliwa nyumbani akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini kondo lilikataa kutoka, na nilipelekwa baada ya muda wa saa tatu nikiwa sijitambui.

Mkunga Mstaafu

Dada yangu, sina namna ya kujibu isipokuwa kukuomba radhi kwa niaba ya taaluma yangu, kwa sababu nami nimewahi kumfokea mama aliyekuja mikono mitupu, na sijui yeye alizaa wapi mara iliyofuata. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito ahudumiwe bila malipo, na upungufu wa vifaa si kosa la mwanamke aliye katika uchungu. Wauguzi wanaosoma hapa waisome habari yako mara mbili. Kwa wengine, kondo lisipotoka ndani ya nusu saa, hiyo tayari ni dharura hata kama damu haionekani.

Mjamzito wa Wiki ya 36, Uvinza

Nimesoma yote huku nimeshika tumbo. Mume wangu anaondoka kesho kwenda kambi ya uvuvi, hivyo leo jioni nimemwomba aseme mbele ya mama yake na balozi wetu kwamba dalili yoyote ikitokea mtu asimsubiri. Amesema. Nyuma ya kadi nimeandika 115, jina la dereva, jirani atakayebaki na watoto, na shangazi atakayenisindikiza. Kuna kitu nimesahau?

Mkunga Mstaafu

Kundi lako la damu ni lipi?

Mjamzito wa Wiki ya 36, Uvinza

Kadi imeandikwa O hasi.

Mkunga Mstaafu

Basi usijifungulie zahanati. Mwenye O hasi hupokea damu ya O hasi peke yake, na hiyo ni adimu, kwa hiyo anza na ndugu zako wa tumbo moja, wapimwe wiki hii ijulikane nani anaweza kukuchangia. Mtoto akizaliwa naye apimwe kundi. Kundi lake likiwa chanya, utahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 ili mimba zijazo zisidhurike. Kesho, mumeo akishapanda mtumbwi, nenda na shangazi mkaulize hospitalini kama sindano hiyo ipo, na kama haipo waulize inapatikana wapi, kisha urudi hapa uniandikie walichokujibu.