Lenzi ndefu au lenzi ya makro kwanza? Ndege na wadudu wa Nakuru, Dunga na Kakamega

Mwalimu_Menengai

Wanachama wenzangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sayansi mjini Nakuru, na kila likizo ya Desemba hurudi nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Kakamega. Nina kamera ya Canon ya mtumba yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha ukubwa wa APS-C pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18-55, na akiba niliyoweka inatosha lenzi moja tu, nayo pia iwe ya mtumba. Ninataka picha zangu mwenyewe za ndege na wadudu wa huku, kwa sababu nyingi ninazowaonyesha wanafunzi ni za viumbe wa Ulaya ambao hawatakutana nao njiani wakienda shuleni, ilhali mdiria na kereng'ende wanaruka mtoni nyuma ya nyumba zao.

Ninawaza njia tatu: zumu ndefu ya 150-600, lenzi ya makro ya 100 (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana), au kuachana na lenzi kabisa na kununua kamera moja yenye zumu kubwa iliyojengwa ndani, kama Nikon P900. Miongozo mingi niliyosoma inasifu miezi ya Juni hadi Agosti, lakini hicho ni kiangazi cha Ulaya. Julai ya Nakuru ni baridi, na Agosti ya Kakamega ni mvua. Naomba mnilinganishie kwa kuzingatia mahali nitakapokuwa na msimu nitakaokuwa nao.

Mafunjo_Dunga

Karibu sana, Mwalimu. Mimi huwapigia ndege picha Dunga, kwenye mafunjo ya kando ya Ziwa Viktoria hapa Kisumu, na nitasema wazi kwamba bila lenzi ndefu ndege watakusumbua. Fikiria mdiria mdogo wa buluu anayekaa kwenye mafunjo. Urefu wake ni takriban sentimita 13. Akiwa mita 5 kutoka kwenye mashua, lenzi ya milimita 400 humfanya achukue karibu nusu ya upana wa picha kwenye kihisi chako, lakini kwa ile 18-55 uliyo nayo atakuwa alama tu, hata ukiivuta hadi mwisho. Na mita 5 ni bahati, kwa kuwa mara nyingi huondoka kabla mvuvi hajaacha kupiga kasia.

Hata hivyo, sikubaliani moja kwa moja na 150-600. Ile ya Sigma iliyo nyepesi kuliko ndugu zake bado ina karibu kilo 2, na ukiwa ndani ya mashua huwezi kutumia stendi ya miguu mitatu, kwani mashua inapotikisika stendi nayo hutikisika. Kwa mtu mwenye Canon, ningeangalia kwanza ile 400 f/5.6 ya zamani iliyotoka mwaka 1993 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi huingia). Uzito wake ni kilo moja na robo, fokasi yake hushika haraka, na kwa kuwa haina zumu wala kitulizi cha mtikisiko, bei yake sokoni huwa ya chini kuliko nyingi za urefu huo. Kukosa kitulizi hakunisumbui kwa ndege anayeruka, kwa sababu hapo kasi ya shata ni 1/2000 ya sekunde na kuendelea, na kwa kasi hiyo mtikisiko wa mkono wako hauonekani kwenye picha.

Ukija Dunga, anza na mdiria mweusi kwa mweupe. Yeye huelea hewani juu ya maji akipiga mabawa mahali pamoja kabla ya kujitupa chini, hivyo hukupa nafasi ya kushika fokasi ambayo mbayuwayu hatakupa kamwe. Gonolek wa mafunjo, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ni kazi nyingine: utamsikia muda mrefu ndani ya mafunjo kabla hujamwona, na wengine humwita kwa kumchezea sauti yake kwenye simu. Naomba usifanye hivyo. Ndege huyo huacha kulisha na kulinda kiota chake ili aje kupigana na mpinzani asiyekuwapo, na makazi yake tayari yanapungua kadiri mafunjo yanavyokatwa na kuchomwa.

Kipepeo_Isecheno

Ndugu Mafunjo ameeleza vizuri habari za ziwani, ambako mwanga ni mwingi. Mwalimu anakwenda Kakamega, na ndani ya msitu mambo ni tofauti kabisa. Chini ya miti mikubwa ya Isecheno au Buyangu, sehemu mbili za msitu wa Kakamega, hata saa nne asubuhi, lenzi inayofunguka f/6.3 tu inaweza kukupa kasi ya 1/100 ilhali ISO, yaani usikivu wa kihisi kwa mwanga, iko 3200. Shorobo mkubwa wa buluu, ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumwona, hula matunda juu kabisa ya miti, hivyo unampiga kutoka chini, yeye akiwa giza na anga nyuma yake ikiwa nyeupe. Picha ya namna hiyo haimfundishi mwanafunzi rangi za ndege huyo.

Wadudu ndio utajiri wa msitu huu, na hapa ndipo ninapoitetea makro. Desemba hadi Februari mvua inapopungua, vipepeo hushuka kwenye njia zenye unyevu na kandokando ya vijito ili kufyonza chumvi, na wakishaanza kufyonza hutulia kiasi kwamba unaweza kulala kifudifudi na kuwasogelea taratibu. Kwa lenzi ya makro ya 100 unapata ukubwa wa moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita 20 anachukua milimita 20 za kihisi. Utaona magamba ya bawa yaliyopangwa safu kwa safu na ulimi uliokunjuliwa ukigusa tope. Hilo ni somo zima la sayansi katika picha moja.

Gharama yake ni kwamba katika ukubwa huo, hata ukifunga tundu la lenzi hadi f/11, sehemu iliyo wazi ni chini ya milimita moja. Kwa hiyo jipange sambamba na bawa, usipige kwa mshazari, na usogeze mwili wako mbele na nyuma polepole badala ya kuzungusha pete ya fokasi. Nenda mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, kwa sababu kereng'ende na panzi waliolala na umande mwilini hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe joto.

Heroe_wa_Ziwa

Nami niongeze habari za Nakuru, kwa kuwa Mwalimu anaishi huko miezi mingi kuliko anavyokaa Kakamega. Ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo makro itakaa begani bila kazi. Gari lenyewe ndilo kibanda chako: weka mfuko wenye maharagwe dirishani, laza lenzi juu yake, na uzime injini kabisa, maana mtetemo wake huharibu picha ambayo ungedhani fokasi ndiyo iliyokosea.

Tangu maji ya ziwa yapande katika muongo wa 2010, migunga mingi ya kando ya ziwa ilikufa ikiwa imesimama majini, na sasa minandi na furukombe hutua kwenye matawi hayo makavu yasiyo na majani ya kuwaficha. Heroe idadi yao hubadilika sana, na mara nyingi ukiwakosa Nakuru utawakuta Ziwa Bogoria.

Kuhusu P900, ni kweli inavuta hadi kiasi kinacholingana na milimita 2000, lakini kihisi chake ni kidogo mno, na mwanga ukipungua picha hujaa chembechembe. Zaidi ya hapo, kuanzia saa tatu au saa nne ardhi ikishapata joto, hewa iliyo juu ya ufuo huchezacheza, na hakuna zumu inayoshinda hewa hiyo. Unavuta karibu mchezo wenyewe wa hewa. Dawa yake ni kuwahi lango linapofunguliwa saa kumi na mbili. Ningeinunua P900 kwa ajili ya kutambua ndege, si kwa picha ya kubandika ukutani.

Mwalimu_Menengai

Ninawashukuru nyote. Sasa ninaona ndege wananivuta upande wa 400 f/5.6, lakini maelezo ya Kipepeo kuhusu magamba ya bawa yamenigusa, na sitaki kurudi Januari bila mdudu hata mmoja. Nimesoma kwamba lenzi hiyo haishiki fokasi chini ya mita 3.5. Je, kuna njia ya kuisogeza karibu bila kununua lenzi ya pili?

Mafunjo_Dunga

Ipo, Mwalimu, na ni ya bei nafuu. Kuna mabomba matupu yanayofungwa kati ya kamera na lenzi, na kuna vioo vya kusogeza karibu vinavyofungwa mbele ya lenzi kama kichujio cha kinga. Watu huvichanganya, ilhali kila kimoja kina lenzi yake. Bomba huongeza ukubwa kwa urefu wake ukigawanywa kwa urefu wa lenzi, kwa hiyo bomba la milimita 36 kwenye lenzi ya 50 huongeza 0.72, lakini kwenye 400 huongeza 0.09 tu, yaani karibu hakuna kitu.

Kioo hufanya kinyume. Kioo cha +1 hushika fokasi kwenye mita moja, na cha +2 kwenye nusu mita, hata lenzi yenyewe ikiwa imewekwa kwenye umbali usio na mwisho. Ukubwa unaopata ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa umbali huo, hivyo kwenye 400 kioo cha +1 hukupa 0.4 na cha +2 hukupa 0.8. Kwa 0.4, upana wa picha yako ni kama sentimita 5 na nusu, ambao unamtosha kereng'ende mzima kutoka kichwa hadi mkia, nawe uko mita moja kutoka kwake, umbali ambao hamhofu mtu. Kwa makro ya 100 katika ukubwa kamili, mbele ya lenzi iko karibu sentimita 15 tu kutoka kwa mdudu.

Tafuta chenye vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, kwa sababu vile vya kioo kimoja hutoa mistari ya rangi pembezoni. Canon walitengeneza kimoja cha +2 kinachoitwa 500D. Usichanganye na kamera yao yenye jina hilohilo.

Kipepeo_Isecheno

Nakubali hesabu hiyo kwa kereng'ende na vipepeo. Kwa siafu, mayai ya wadudu au macho ya buibui, bado nitakwambia makro haina mpinzani, na ukipata akiba nyingine ianze hapo. Kwa Desemba hii, 400 na kioo vinakutosha. Ila kumbuka kwamba lenzi hiyo haina kitulizi, na kwa umbali wa nusu mita mtikisiko mdogo wa mkono huonekana sana, kwa hiyo tumia stendi ya mguu mmoja, au flashi ndogo iliyofunikwa karatasi nyeupe inayopitisha mwanga. Flashi tupu huacha doa jeupe kwenye mgongo wa mbawakawa na kuficha rangi yake.

Wapo pia wanaowaweka wadudu kwenye friji ili watulie. Baridi ya alfajiri inatosha, na mdudu aliyepozwa kwa nguvu hukunja miguu kwa namna isiyo ya kawaida, jambo ambalo wanafunzi wako watajifunza vibaya.

Mwalimu_Menengai

Basi nimeamua: 400 f/5.6 na kioo cha +1 kwanza. Swali la mwisho, nitajuaje ukubwa wa kioo kitakachoingia?

Heroe_wa_Ziwa

Tazama kwenye pete ya mbele ya lenzi au ndani ya kifuniko chake. Utaona alama ya duara lililokatwa kwa mstari, na kando yake namba. Hicho ndicho kipenyo kwa milimita, na kwa 400 f/5.6 ni 77. Ile 150-600 nyepesi ya Sigma inataka 95, na kioo kizuri cha ukubwa huo ni kigumu kupatikana. Ukikipata kioo chenye 77, jaribu kukifunga dukani kabla ya kulipa, kwa sababu vya mtumba mara nyingi vimeanguka na uzi wake umepinda.