Fomu ya mnufaika kazini, na ndoa bado miezi mitano

Kutoka: Kijana wa Nachingwea, Leeds

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za mihangaiko. Hapa kwenye nyumba ya kulea wazee tumeingizwa kwenye bima: ukifa ukiwa bado mwajiriwa wanalipa mshahara wa mwaka mara nne. Nilijaza fomu, mchumba asilimia 60, mama 40. Jana HR, watu wa utumishi, wameirudisha. Kwanza anwani ya mchumba haina postikodi. Niliandika S.L.P. ya shule anayofundisha, mfumo umeikataa. Pili dada wa HR akaniuliza kama tunaishi nyumba moja au tuna mtoto. Nikasema hapana, mahari imeshapokelewa, ndoa ni Desemba korosho zikishauzwa. Akasema basi nifikirie vizuri, Ijumaa mfumo unafungwa.

Naomba msaada: nimwandike sasa au nisubiri nikahi? Na ndoa ikishapita, fomu hii inaendelea au inakufa? Mama sijamwambia kitu. Na mjomba ndiye aliyenisomesha kuanzia kidato cha kwanza.

Kutoka: Baba wa Masasi, Houston

Mwanangu, usikose usingizi. Ukioa tu, mke anaingia mwenyewe. Mfuko wangu wa kazini huku Marekani, 401(k), nilimwandika kaka mwaka 2009, nikaoa 2012. HR wakanionyesha kwamba kwa ERISA, sheria ya Marekani ya mafao ya kazini, mke ndiye wa kwanza hata kama jina lake halimo, mpaka yeye mwenyewe asaini kukubali vingine. Andika mama sasa, ndoa itajimaliza yenyewe.

Kutoka: Binti wa Mikindani, Minneapolis

Kaka, kwa heshima zote, hapo unampoteza kijana. 401(k) ni akiba ya uzeeni. Bima ya maisha ya kazini ni kitu kingine, na inamlipa aliyeandikwa.

Tulikuwa na mwenzetu wa zamu ya usiku, alijaza fomu akiwa kapera akaandika dada yake. Akaoa, akapata watoto wawili, fomu hakuigusa tena. Akafa barabarani wakati wa barafu. Akiba ya uzeeni ikaenda kwa mjane, hela ya bima ikaenda kwa dada. Nilikuwepo jikoni siku bahasha inafunguliwa. Watoto wanakula wali kwenye sinia, mama yao amesimama karibu na jiko, amesoma karatasi ile mara tatu akilitafuta jina lake. Dada mtu alikuwa na utu, akampa nusu. Hakuna sheria iliyomlazimisha.

Halafu kijana yuko Leeds, hiyo ERISA inamhusu nini?

Kutoka: Baba wa Masasi, Houston

Nimesema yaliyonipata mimi. Niko nchi hii tangu 1998, fomu nimezijaza nyingi. Tusikatane kauli mbele ya watoto.

Kutoka: Nesi wa Ndanda, Glasgow

Mdogo wangu, huku Uingereza fomu hiyo mara nyingi si amri, ni kueleza matakwa yako. Wadhamini wa mfuko unaolipa hela hiyo ndio wenye kauli ya mwisho. Wanaiangalia fomu, wanaangalia pia nani alikuwa akikutegemea. Ndiyo maana kwa kawaida hela hiyo haisubiri mirathi. Unaweza kumtaja mchumba, mama, hata mpwa. Ila kwa kuwa hamuishi pamoja, tunza risiti zote za hela unazomtumia.

Na msichanganye fomu na wasia. England na Wales, ukioa, wasia wa zamani unafutika, isipokuwa uliandikwa ukiitaja ndoa hiyo inayokuja. Scotland haufutiki. Fomu ya kazini nayo hukaa na jina lilelile mpaka uibadilishe kwa mkono wako. Soma kanuni za mfuko wenu kwanza, mifuko haifanani.

Kutoka: Mzee wa Newala, Muscat

Nimesoma majibu yote, mjomba wa kijana hajatajwa na mtu. Sisi Wamakonde, na Wamwera wa huko Nachingwea, na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mali ya mtu ilikwenda kwa wapwa zake, na mjomba ndiye aliyebeba mzigo wa kukulea. Huyu kijana kasomeshwa na mjomba kwa korosho za mjomba. Leo fomu inauliza mke, mtoto, mzazi, na mjomba anaangukia kwenye kisanduku cha "mengineyo". Mimi hapa Muscat nilikiacha kisanduku hicho wazi, na mjomba wangu alipofariki nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Tena kwa dini yetu mchumba harithi kabla ya nikahi.

Kutoka: Binti wa Mikindani, Minneapolis

Mzee, shikamoo. Nesi kashasema hiyo si mirathi.

Kutoka: Mama wa Lindi, nimesharudi nyumbani

Mimi nilirudi kutoka Birmingham mwaka 2019, baba watoto akafariki mwaka uliofuata. Nimekaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi, cheti cha kifo cha RITA, cheti cha ndoa, na shemeji pembeni anasema hanitambui. Cheti cha ndoa ndicho kilichoniokoa. Kuna kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, mliokaa pamoja miaka miwili mnaweza kudhaniwa mmeoana, lakini hakimsaidii binti ambaye bado yuko kwa wazazi wake. Huyo binti leo hana karatasi yoyote duniani yenye jina lake na lako pamoja. Lifikirie hilo.

Postikodi ipo. Amwone mtendaji wa kijiji, kila kata ina tarakimu tano.

Kutoka: Baba wa Masasi, Houston

Dada, pole sana. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, zimeanza kuuzwa pale Mnazi Mmoja ya Lindi?

Kutoka: Mama wa Lindi, nimesharudi nyumbani

Zimeanza. Jana nimechemsha na chumvi tu, nimekula nimesimama jikoni, nikawakumbuka nyote.

Kutoka: Mzee wa Newala, Muscat

Na bei ya korosho mwaka huu wanasemaje? Mimi bado nina kidonda cha 2018, wanajeshi walipokuja kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na watu wetu wakakaa miezi wakisubiri malipo. Harusi ngapi ziliahirishwa Newala mwaka ule! Kijana anaposema ndoa ni korosho zikishauzwa, nami moyo unanidunda.

Kutoka: Baba wa Masasi, Houston

Mzee, angalau bei ilitangazwa. Kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wanatoa ngapi?

Kutoka: Mzee wa Newala, Muscat

Bei isiyofika mfukoni si bei. Usinianze.

Kutoka: Kijana wa Nachingwea, Leeds

Ahsanteni wote. Mtendaji katoa namba, mfumo umekubali anwani. Nimeandika majina matatu: mchumba, mama, mjomba. Asilimia sijajaza. Nimeshika simu nimpigie mama, nikaiweka chini, nikaishika tena. Kesho saa kumi na moja jioni wanafunga.

Kutoka: Mama wa Lindi, nimesharudi nyumbani

Mwanangu, mpigie sasa hivi. Huku bado hatujalala.