Tupeane uzoefu: kazini kwenu taratibu zimeandikwa, au ni kauli ya bosi?

Wakuu, nilipokuwa naajiriwa zamani kila kitu kilitegemea bosi kaamkaje. Mwenzetu alifiwa, akapewa ruhusa ya wiki nzima. Mwingine alifiwa muda si mrefu baadaye, akaambiwa azike na kesho yake awe kazini. Kuhoji utahojije, na hakuna maandishi ya kurejea? Kibaya zaidi, kinyongo hakikuishia kwa bosi, tulianza kutazamana vibaya sisi kwa sisi. Kwenu ikoje?

Mtunza stoo: Mimi niliachishwa kwa ujumbe wa simu. Mzigo ulipungua, na funguo tulikuwa nazo watu watatu, nikaondolewa mimi. Sikutakiwa kujieleza kwa barua wala kuitwa kikaoni. Baadaye ndipo nikajua kuna Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaotaka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake. Kampuni ingekuwa na utaratibu wa nidhamu ulioandikwa, ningeushika na kudai kikao siku ileile.

Dada wa mapokezi: Pole sana kaka. Sisi mwongozo ulikuwepo, tena mnene. Ila ulisema malalamiko yote yapelekwe kwa msimamizi wako, na msimamizi ndiye aliyekuwa ananishikashika. Ningempelekea nani? Niliacha kazi. Ninapofanya sasa wametajwa wapokea malalamiko wawili, mmoja lazima awe nje ya idara yako, na imeandikwa wazi kwamba anayelalamika asilipiziwe kisasi: asihamishwe, asinyimwe zamu. Mkataba Na. 190 wa shirika hilohilo, wa mwaka 2019, unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na sheria ya kuwataka waajiri kuweka sera dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, kwa kushauriana na wafanyakazi. Hapo kwenye kushauriana ndipo penye uzito. Wangetuuliza sisi wa chini, kile kifungu kisingepita.

Mhasibu: Kwetu ugomvi ni muda wa ziada. Meneja anasema "bakini", mwisho wa mwezi anauliza nani aliwaruhusu. Iandikwe tu nani anaidhinisha, na idhini itolewe kabla ya kazi.

Mwajiri mdogo: Nami nichangie kutoka upande wa pili. Tuko wachache, nikakaa na vijana tukaandika kurasa mbili: saa za kazi, likizo, muda wa ziada, na hatua za nidhamu kuanzia onyo la mdomo, onyo la maandishi, hadi kikao. Mimi mwenyewe zinanisaidia. Anayechelewa simfokei tena, tunafungua ukurasa.

Mhasibu: Na wizi je, unaanza na onyo la mdomo?

Mwajiri mdogo: Hapana, makosa mazito tumeyataja pembeni. Mtu anasimamishwa kupisha uchunguzi, kisha anasikilizwa. Kusikilizwa hakurukwi hata hapo.

Mtunza stoo: Hilo ndilo nililokosa.

Mwanzisha mada: Mwajiri, hizo kurasa mnazipitia upya lini?

Mwajiri mdogo: Akija mtu mpya. Anazisoma mbele yetu, na kifungu asichokielewa tunakiandika upya kabla hajasaini.