Konvata au lenzi ya 150-600? Niko Kigoma, nataka furukombe na sokwe

MamaPaspoti_KGM:
Wakuu, heshima kwenu. Nina studio ndogo hapa Mwanga, Kigoma: paspoti, harusi, kipaimara, na mahafali msimu ukifika. Kamera ni Canon 80D. Lenzi ndefu niliyo nayo ni 70-200 f/4L IS (yaani milimita 70 hadi 200), niliinunua kwa ajili ya harusi.

Sasa kuna mama mwenye nyumba ya wageni anataka picha kubwa za ukutani: furukombe akinyakua samaki ziwani, na sokwe wa Gombe sura ionekane vizuri. Twiga wa Serengeti amewachoka. Anasema mgeni akishuka Kigoma akakuta twiga ukutani, anajiuliza kama kapanda treni sahihi.

Furukombe nimempiga nikiwa kwenye boti la Kibirizi. Kwa 200 anatoka mdogo, nikiikata picha abaki yeye peke yake, manyoya yanakuwa uji. Kuna jamaa Dar anauza konvata za Canon toleo la tatu (vile vioo vya kufunga kati ya kamera na lenzi ili ivute zaidi), 1.4x na 2x, ananishawishi nichukue 2x "upate 400 kwa bei ya chee". Au nivunje kibubu ninunue Sigma 150-600 Contemporary iliyotumika, ambayo bei yake imeizidi konvata mbali sana. Nipeni ukweli, na asiniambie mtu ninunue vyote.

Igombe_Tbr:
Dada, tuanze na huyo jamaa wa Dar. 2x inakula stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo, kwa hiyo f/4 yako inakuwa f/8 (namba ya f ikipanda, mwanga unaoingia unapungua). Kwenye 80D, kwa lenzi hiyo, otofokasi (kamera kulenga yenyewe) itabaki na pointi moja tu ya katikati. Zile 45 ulizozoea harusini huna tena, na furukombe akishuka majini hawezi kukukalia katikati ya fremu. Isitoshe, konvata za Canon hupunguza kasi ya kufokasi kwa makusudi ili ilenge kwa uhakika: nusu kwa 1.4x, robo tatu kwa 2x. Kwa ndege anayeruka hiyo 2x isahau kabisa.

1.4x ina nafuu. Unapoteza stopu moja, unapata 280 f/5.6, pointi zote zinafanya kazi, na 70-200 f/4L ni kali kiasi cha kuivumilia. Ila piga hesabu. Ndege anarefuka mara 1.4, maana yake eneo analochukua kwenye picha linakuwa maradufu. Kama leo anachukua moja ya kumi na sita ya fremu, atafika moja ya nane. Bado mdogo! Lenzi ya 600 ni mara tatu ya 200, eneo mara tisa. Kwa ukuta wa nyumba ya wageni, hapo ndipo manyoya yanahesabika.

Mimi napiga ndege bwawa la Igombe, hapa Tabora, kwa Sigma hiyohiyo. Ina karibu kilo mbili, na huko mwisho wa zumu ni f/6.3, basi giza siyo rafiki yake. Lakini saa mbili asubuhi jua likiwa mgongoni kwako, shata 1/1600 ya sekunde na ISO 640 unapata bila shida (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga, ukiipandisha sana picha inaingia chengachenga). Ikifika saa nne au tano funga mkoba. Hewa juu ya maji inaanza kutetemeka kwa joto na picha ya mbali inalegea hata ukiwa na lenzi ya mamilioni. Wengi hapo hulaumu lenzi, wanaiuza, wananunua nyingine, na joto liko palepale.

Kasekela_Njiani:
Mimi napeleka wageni Gombe, niongelee sokwe tu. Hapo usinunue kitu. Unatakiwa ukae mita 10 kutoka kwao, ingawa wenyewe hawaijui hiyo kanuni, wakiamua kupita njiani wanapita karibu wakukanyage. Kwa mita 10, hiyo 200 kwenye 80D inachukua upana wa mita moja na kidogo. Sokwe aliyekaa anaingia kichwa mpaka kifua. Mwenye 600 anarudi na picha za masikio.

Tatizo la kule ni mwanga. Bonde la Kakombe miti imefunga juu, flashi marufuku, na mnyama mwenyewe mweusi. Hata bila konvata jiandae kwa ISO 3200 na shata 1/200 hivi. Ukiweka 2x juu yake, afadhali uache kamera botini. Kamera ikiona weusi umejaa fremu inadhani kumeingia usiku, inaongeza mwanga na sura ya sokwe inapauka, kwa hiyo shusha fidia ya mwanga theluthi mbili za stopu. Barakoa nayo, ile ya kuwakinga sokwe na magonjwa yetu, ibane vizuri puani. Ikilegea, pumzi inapanda na kioo cha kuchungulia kinajaa ukungu wakati sokwe ndiyo kwanza kakugeukia.

Picha_Ujiji:
Mimi napingana na kaka wa Tabora. Oda ya nyumba moja ya wageni hairudishi hela ya 150-600. Dada anaishi kwa harusi. 1.4x ina gramu 225, inakaa mfukoni, na kanisani ukizuiwa nyuma unampata bibi harusi kwa 280. Hiyo Sigma itashinda kabatini. Furukombe ana mti wake anaorudia kila siku, msogelee taratibu kwa mtumbwi wa kasia, siyo kwa injini.

(Ila 1.4x usije ukaijaribu kwenye lenzi ndogo iliyokuja na kamera. Kioo cha mbele cha konvata za Canon kimechomoza, kitagonga.)

MamaPaspoti_KGM:
Sokwe nimeelewa, lenzi ninayo. 2x nimeifuta. Kaka wa Ujiji, harusini sijawahi kukwama na 200, waumini wenyewe wananisukuma mbele niwapige. Na huyo mama kasema picha zikitoka nzuri atanitajia wenzake wawili wenye nyumba za wageni. Naelekea kwenye Sigma. Ipo moja Mwanza inauzwa, ya kufungia Canon. Niikague vipi? Na botini naweza kutumia traipodi?

Igombe_Tbr:
Traipodi botini hapana, mtetemo wa injini unapanda na miguu yake hadi kwenye kamera. Mwombe nahodha azime, kaa chini, viwiko magotini, kitulizo cha lenzi kiwashe.

Kukagua: washa tochi upande wa nyuma, chungulia mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya vioo, hiyo ni fangasi, iache hukohuko Mwanza hata akipunguza nusu bei. Kisha weka 600 kwa f/6.3, piga bango lenye maandishi lililo mbali, kuza picha kwenye skrini. Herufi zisome katikati. Pembeni zikilegea kidogo vumilia, ndege hakai pembeni. Zumu ivute na kurudisha usikie kama inakwaruza mchanga. Na ukishaipata usirudi kwa jamaa wa Dar: f/6.3 na konvata ya 1.4x ni f/9, na hapo otofokasi ya 80D usiitegemee.

MamaPaspoti_KGM:
Tochi ninayo. Naenda Ijumaa.